Bluu ya Hatibu, Maziwa ya Mwanaasha

Mwaka ule wa tisini na tano, ukiingia nyumbani kwa Hatibu pale Bigwa, kabla hujapewa kiti ulikuwa unatupiwa swali. Habari za kwako zingesubiri. Kwanza uliambiwa, "Hebu tazama pale ukutani. Ipi nzuri?"

Ukutani, karibu na mlango wa kwenda uani, palikuwa na mabaka mawili ya rangi, kila moja kubwa kama sinia la pilau. Moja lilikuwa la bluu, bluu iliyokolea kama sketi za watoto wa shule. La pili lilikuwa rangi ya maziwa, maziwa yaliyokaa kidogo yakaanza kugeuka. Bluu ilikuwa ya Hatibu. Maziwa yalikuwa ya mkewe, Mwanaasha. Wenyewe wawili walikuwa wanakaa kimya wakikusubiri, mmoja huku na mwingine kule, na ole wako ukijibu haraka. Wageni wenye akili walisema zote nzuri, kisha wakaomba maji ya kunywa. Mimi hao siwalaumu, maana kuna nyumba ambazo ukitoa maoni unatoka na uadui.

Miaka ya nyuma ugomvi wa namna hii usingekuwepo, kwa sababu rangi yenyewe haikuwepo. Watu walipaka chokaa wakamshukuru Mungu. Ukimjua mtu anayemjua mtu, unapata kopo moja la rangi, na usiulize ni rangi gani. Ukipewa kijani unapaka kijani hadi milangoni, na jirani anakuonea wivu. Ndipo ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Madukani mjini Morogoro makopo yakapangwa hadi darini, na wauzaji wakawa na vikadi vyenye vipande vya rangi ambavyo mtu anaweza kuvigeuzageuza asubuhi nzima asiamue. Victor, aliyefanya kazi kiwandani zamu moja na Hatibu, alikuwa amefungua duka la namna hiyo karibu na soko. Ndiye aliyewapa makopo mawili madogo wakajaribie.

Hatibu hakufungua duka. Ruksa hiyohiyo iliyoleta makopo ndiyo iliyoondoa kiwanda chao. Bidhaa za nje zilipojaa, za kwao zikakosa mnunuzi, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, akaja mwekezaji wa kuziangalia, akaondoka. Wafanyakazi wakaitwa uwanjani wakaambiwa wamepunguzwa. Hatibu alikuwa msimamizi wa zamu. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na mikono iliyozoea kazi, na sasa ikawa inakaa mapajani tangu asubuhi. Kiinua mgongo chake alikimalizia kwenye nyumba: akapiga sakafu, akaweka madirisha, akabadilisha bati zilizotoboka. Baada ya hapo aliyekuwa analeta chakula ni Mwanaasha. Alfajiri anakwenda Dumila kuchukua nyanya na vitunguu vya kuuza, jioni anarudi miguu imevimba. Hatibu anamchemshia maji ya kukanda miguu, na mtu akipita barabarani anajifanya anachemsha ya kuoga mwenyewe.

Bluu yake ilikuwa na asili. Siku alipopandishwa cheo kule kiwandani aliitwa ofisini kwa meneja, na ofisi ile ilikuwa imepakwa bluu chini hadi juu. Meneja alikuwa mtu mdogo tu, mwembamba, anakohoa. Lakini amekaa katikati ya bluu ile, na kila anayeingia anabisha hodi kwanza. Hatibu alitoka pale akijiambia kwamba siku moja naye atakuwa na chumba cha hivyo. Miaka ikaenda, na sasa siku ilikuwa imefika, kwa sababu binti yao Mwanaidi alikuwa amepata mchumba.

Mwanaidi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mchumba wake alikuwa karani kule Mzumbe, kijana wa watu wa Tanga, mpole, na wazee wake walikuwa wametuma neno kwamba watakuja kuleta posa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Watakaa chumba cha mbele. Hapo ndipo Hatibu alipoikumbuka bluu. Mtu asiye na kazi, anayelishwa na mkewe, hana mengi ya kuwaonyesha wakwe wapya. Alitaka kitu kimoja tu: wazee wale waingie, watazame kuta, wajue wameingia nyumbani kwake. Kila usiku alilala akiwaza hilo, na kila asubuhi alikwenda kuliangalia baka lake kabla hajanawa uso.

Jioni moja Mwanaasha alirudi kutoka Dumila, akaketi kwenye kigoda, akatia miguu kwenye beseni. Hatibu akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kama anakagua mashine.

"Nimeamua," akasema. "Kesho nakwenda kwa Victor kuchukua kopo kubwa. Bluu."

"Baba Mwanaidi, bluu sijasema mbaya," Mwanaasha akajibu. "Lakini inameza mwanga. Chumba chenyewe dirisha moja."

"Tutawasha taa."

"Kwa umeme upi? Huu wa mgao?"

Hatibu akacheka kidogo. Mwanaasha naye akacheka, na mambo yangeishia hapo, ningekuwa sina la kusimulia. Lakini mwanamke akiwa amechoka huongea yaliyo moyoni bila kuyachuja, akaendelea huku anajikanda kisigino.

"Halafu bluu ukishaipaka, umeipaka. Kuifunika ni kazi. Atakayekuja kukaa humu baadaye akitaka rangi yake atarudia mara tatu, mara nne, na bluu bado inachungulia. Maziwa unaifunika mara moja tu, kwisha."

Hatibu akageuka. "Atakayekuja kukaa humu baadaye ni nani?"

"Nasema tu."

"Mwanaidi anaolewa, anakwenda kwa mumewe. Mimi nipo, wewe upo. Nani mwingine atakuja kukaa humu?"

Mwanaasha akaacha kukanda mguu. Alimtazama mumewe kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu anayeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Watu wa ukoo, Baba Mwanaidi. Hapa si kwa ukoo?"

Hatibu alikwenda uani, akakaa kwenye tofali lililobaki wakati wa ujenzi, na chakula kilipoiva akasema ameshiba.

Hapa inabidi nikueleze kidogo. Hatibu alikuwa Mnyaturu wa Singida. Kwao nyumba ni ya mwanamume aliyeijenga, na mwanamke ndiye anayehamia. Mwanaasha alikuwa Mluguru, na kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama. Kiwanja kile cha Bigwa kilikuwa cha ukoo wa Mwanaasha, na msemaji wa ukoo alikuwa mjomba wake, Mzee Omari, aliyekuwa akikaa Kiroka. Hatibu hakuwa mjinga, hayo aliyajua. Mwaka alioletwa pale kama mkwe alitaka kupanda michungwa, Mjomba Omari akamkataza kwa adabu kabisa: lima mahindi, lima maharage, panda mihogo, lakini mti unaokaa miaka usipande, maana mwenye mti husema na shamba ni lake. Hatibu alikubali. Miaka michache baadaye akaomba kujenga nyumba ya matofali ya saruji, akitegemea atakataliwa. Mjomba akasema, "Jenga, baba." Hatibu alirudi siku ile anapiga mluzi. Alijiambia: mtu aliyeninyima michungwa akanipa nyumba, huyo amenifanya mwanawe. Akalibeba hilo moyoni miaka yote, na hakumwuliza mtu kama amelielewa sawasawa.

Na kila mwaka, mahindi yakishakauka, alikuwa akipeleka kapu Kiroka pamoja na jogoo. Mwaka wa kwanza Mwanaasha ndiye aliyemfungashia, akamwambia apeleke kwa mjomba. Miaka iliyofuata hakuhitaji kuambiwa. Alichagua mahindi makubwa mwenyewe na jogoo mwenye manyoya ya kupendeza. Kule kiwandani aliwatambia wenzake kwamba mkwe mwenye heshima kama yeye hayupo Morogoro nzima, na wengine walimwamini.

Asubuhi akatoka bila kunywa chai. Mwanaasha alimwita mara mbili, hakugeuka. Akapata lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua ndizi, akashuka Kiroka, akamkuta Mjomba Omari mbele ya nyumba yake anapanga mikungu na kuwalaani wachuuzi wa Dar es Salaam wanaotaka kununua mkungu mkubwa kwa bei ya mdogo. Alikuwa mzee mfupi, mwenye haraka, fulana imejaa utomvu wa migomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Karibu. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja na shauri dogo."

"Lisiwe la fedha tu, maana hawa wachuuzi wamenimaliza."

"Si la fedha. Ni la rangi." Hatibu alisikia aibu kulitamka, lakini alikuwa ameshafika. "Wazee wa yule kijana wanakuja kwa posa. Chumba cha mbele tunataka kukipaka rangi. Mimi nataka bluu, mwanao anataka maziwa. Tumeshindana wiki nzima."

Mjomba Omari alicheka hadi akashika kiuno. "Umekuja mpaka Kiroka kwa ajili ya rangi! Ama kweli kukosa kazi ni kubaya. Sasa si mwenye nyumba ameshasema? Pakeni maziwa."

"Mwenye nyumba ni mimi, mjomba."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Mzee akauweka chini mkungu aliokuwa ameushika. Hakukasirika. Hatibu baadaye alitamani angekasirika, kwa sababu mtu akikasirika unaweza kugombana naye.

"Hatibu. Lile kapu unaloniletea kila mwaka, na jogoo. Unaniletea kwa nini?"

"Heshima, mjomba. Heshima ya mkwe."

"Heee." Mzee akajifuta mikono kwenye fulana, taratibu. "Kumbe hukuambiwa. Ile ni ngoto, baba. Mtu akikaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake, analeta kidogo kila mwaka, ili mwaka usipite akasahau ardhi ni ya nani. Wapo Waluguru wenzetu wanaokaa kwa wake zao, kila mwaka nawafuata, wananizungusha. Wewe hujakosa hata mara moja. Mimi nimekuwa nawaambia vijana wangu, mtazameni yule Mnyaturu, yule anajua mahali pake."

Hatibu alihisi uso unawaka. Majogoo wote wale aliowachagua kwa manyoya wakampita mbele ya macho, na yeye mwenyewe nyuma yao, amevaa shati la Idi, anatabasamu, anapeleka kwa mikono yake mwenyewe ushahidi kwamba hana kitu. Na hakuna aliyemdanganya. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

"Na nyumba?" akauliza. "Matofali nimefyatua mimi. Bati nimenunua mimi."

"Nani amekataa? Umejenga vizuri, umemjengea mkeo. Nyumba ni ya Mwanaasha. Ikitoka kwa Mwanaasha ni ya Mwanaidi na wenzake wa ukoo."

"Na ikiwa mwanao atatangulia, mimi niko hai?"

"Mungu apishe mbali."

"Apishe, mjomba. Lakini akitangulia?"

Mjomba Omari alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akawa hana haraka.

"Tutazika. Tutamaliza msiba. Siku ya kumaliza tutakusimamisha mbele ya watu tukushukuru, maana umekaa na mtoto wetu vizuri, hujampiga, hujamfukuza. Tutakupa cha njiani. Vijana watakubebea mizigo mpaka stendi. Mwanaidi akipenda kukuweka kwake, atakuweka, hiyo ni hiari yake na ya mumewe. Hatutakutoa kwa kelele, baba. Sisi si watu wa hivyo."

Akaingia ndani akamletea chai, na alipokuwa anaondoka akampa mkungu wa ndizi apeleke nyumbani, tena mkubwa, ule ambao alikuwa amewakatalia wachuuzi. Hatibu aliupokea. Angefanya nini?

Alitembea kipande kirefu kabla ya kusimamisha gari, mkungu begani. Alijaribu kuwaza Singida. Mara ya mwisho alikwenda kumzika baba yake. Sehemu yake ya shamba ilikuwa inalimwa na mdogo wake, na watoto wa mdogo wake walimwamkia kama wanavyomwamkia mgeni, kisha wakanong'onezana kuuliza ni nani. Hata lugha ya nyumbani ilikuwa imeanza kumtoroka, akiongea anatafuta maneno. Aliogopa. Mtu mzima, mwanamume, alikuwa anatembea kando ya barabara ya Kiroka anaogopa uzee wake, na ndizi zikimdondoshea utomvu shingoni.

Alipofika Bigwa jua lilikuwa limeshapita utosini. Aliona viti vya chumba cha mbele vimetolewa nje, na meza, na kabati la vyombo limefunikwa shuka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alimkuta Mwanaasha, ambaye siku ile alipaswa kuwa Dumila, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, amepanda juu ya kigoda, brashi mkononi. Kopo kubwa kutoka kwa Victor lilikuwa miguuni pake. Ukuta mzima wa mlangoni ulikuwa umeshapakwa, na yale mabaka mawili yalikuwa hayaonekani tena. Ulikuwa bluu, chini hadi juu.

"Usiseme kitu," Mwanaasha akasema bila kugeuka. "Nilikuona ulivyoondoka bila chai. Nikasema, mimi na rangi nani kanituma? Mume wangu anataka bluu, basi bluu. Wazee wa Tanga wakija waone wamefika kwa mtu."

Hatibu aliuweka mkungu wa ndizi kizingitini. Ilikuwa bluu ileile ya ofisini kwa meneja, hata ilivyong'aa karibu na dirisha. Mkewe alikuwa amepoteza siku ya biashara kwa ajili yake, na rangi ilikuwa imemfika kwenye viwiko. Alitaka kushukuru. Alijua angesema asante tu, siku ingekuwa njema, posa ingepita, wangezeeka. Lakini kilichomtoka kinywani kilikuwa kile alichokibeba tangu Kiroka.

"Mama Mwanaidi, ukitangulia wewe, mimi nitakaa wapi?"

Brashi ikaenda mara moja, mara mbili, kisha ikasimama. Mwanaasha akashuka kwenye kigoda.

"Ulikwenda kwa mjomba."

"Nilikwenda."

"Yupo Mwanaidi..."

"Mwanaidi atakuwa kwa mumewe. Nimekuuliza wewe."

Hatibu alitaka mkewe amdanganye. Alimtazama machoni akimwomba amdanganye, aseme nitaongea na ukoo, aseme mjomba ni mzee na mambo yatabadilika, aseme chochote. Mwanaasha naye aliliona ombi hilo, maana alikuwa amekaa naye miaka mingi. Alikitazama chumba, ukuta wa bluu na mitatu iliyobaki, akamrudia mumewe. Mambo ya kwao aliyajua, na uongo hakuuweza. Alimshika mkono kwa mkono wake uliojaa rangi, akasema kwa upole uleule aliotumia kumkumbusha avae sweta asubuhi za baridi:

"Basi tumwombe Mungu utangulie wewe."

Kisha akachovya brashi, akapanda kigoda, akaanza ukuta wa pili.